Uza Nyumba Yako Kabla Hujauziwa

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja mjini Ruiru, mhubiri aliwaambia waumini kwamba nyumba ya mtoto wa Mungu haipigwi mnada. Hakuishia hapo. Alisema anayeuza nyumba yake ili alipe benki ni mtu wa imani haba, amesalimu amri kabla vita havijaisha. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilifunga mdomo kwa heshima ya mahali pale, lakini nilitoka nimekasirika, na hasira hiyo haijaniisha hadi leo.

Nimekasirika kwa sababu maneno kama hayo yanawafilisi watu. Kote katika Kaunti ya Kiambu, kuanzia Kikuyu na Ruaka hadi Juja na Thika, tumeaminishwa kwamba kuuza nyumba ukiwa na deni ni aibu, ilhali kuuziwa ni bahati mbaya. Anayeuza huitwa mwoga. Anayeuziwa huonewa huruma, huchangiwa na kuombewa. Basi mtu anaitia barua ya benki kabatini, anasubiri muujiza, hadi siku dalali anapobisha hodi. Mimi nasema kinyume chake. Ukishaona deni limekushinda, uza nyumba yako mwenyewe, mapema. Huo ndio ujasiri.

Tupige hesabu. Chukua nyumba ambayo sokoni ingepata shilingi milioni 12, na mwenyewe anadaiwa milioni 7. Akiitangaza mwenyewe na kumpata mnunuzi wa milioni 11, kwa kuwa ana haraka kidogo, atalipa benki, atalipa wakili na ajenti, na ataondoka na zaidi ya milioni 3. Hizo ni pesa za kununua kiploti mbali na lami na kuanza upya. Sasa mwache asubiri mwaka mmoja na nusu huku riba na faini zikijumlishwa. Deni linafika milioni 8.6. Nyumba inapelekwa mnadani, inauzwa milioni 9.2. Ukitoa ada ya dalali, ya wakili wa benki na ya mthamini, mwenye nyumba anabaki na nauli ya lori la kuhamisha viti na kodi ya miezi michache. Nyumba ni ileile, na mkopo ni uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeuza.

Wala msiniambie kwamba bei hiyo ya mnada nimeibuni ili kuwatisha watu. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana. Lakini kifungu hichohicho kinaanza kumdhania kwamba amekiuka wajibu wake pale tu bei inaposhuka chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Nyumba ya milioni 12 ikiuzwa kwa milioni 9.2, dhana hiyo haimgusi. Milioni 2.8 za mwenye nyumba zimeyeyuka, na ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ameonewa. Wanunuzi wa minadani wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana wanakuja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba muda upo. Sheria haimtoi mtu nyumbani kwake usiku mmoja. Kwanza malipo yachelewe mwezi mzima. Ndipo benki itoe ilani ya siku 90, ikieleza kosa ni lipi na kiasi kinachodaiwa. Zikipita, inatoa ilani ya pili ya siku 40 kwamba inakusudia kuuza, na nakala inapaswa kumfikia hata mke au mume. Kisha dalali naye anatoa yake ya siku 45 ya kukomboa mali. Jumla ni zaidi ya miezi 6, na katika muda wote huo, hadi nyundo ianguke, mwenye nyumba ana haki ya kulipa deni na kuchukua hati yake. Miezi 6 inatosha kumpata mnunuzi wa nyumba iliyo karibu na barabara kuu ya Thika. Hata kama ardhi bado imeandikishwa kuwa ya kilimo, na mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya ardhi, bado unaweza kuwahi ukianza siku ilani ya kwanza ilipofika. Ukianza wiki ya mwisho, umechelewa.

Nina jirani, mwalimu mstaafu, aliyeiweka nyumba yake rehani ili afungue duka la vifaa vya ujenzi. Biashara ikadorora. Ilani ya kwanza ilipofika nilimwendea, nikamwambia, "Mwalimu, uza ungali na sauti." Akanijibu, "Niuze boma la watoto wangu? Kanisani nitaonekana vipi?" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, akanyamaza. Miezi ikapita. Asubuhi moja tangazo la mnada likaonekana limebandikwa kwa gundi kwenye lango lao la chuma, na jina la mwalimu, namba ya ploti, tarehe na saa vimeandikwa kwa herufi nene. Mama wa watu akatoka na kisu cha jikoni, akalikwangua mbele ya watoto waliokuwa wakienda shule. Jina lilitoka. Namba ya ploti ilikataa kutoka.

Mnada wenyewe ulifanyika nje ya posta. Nilikwenda na mwalimu. Wanunuzi walikuwa wamesimama na faili zao kwapani na hundi za benki tayari, kwa sababu sharti la kawaida ni kulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 90. Dalali alisoma masharti upesiupesi, bei ikapanda mara chache, nyundo ikaanguka. Mwalimu alikuwa bado anapapasa mifuko ya koti akitafuta miwani ili amwone aliyenunua. Leo anapanga vyumba viwili. Waliomwambia asiuze hawamlipii kodi.

Wapo wanaodai kwamba nyumba ya mtu ikinunuliwa mnadani mnunuzi hupatwa na laana, kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili atakayeigusa. Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wenye shahada, na ni upuuzi mtupu. Mnunuzi wa mnadani hakujui wewe wala babu yako, na huenda asilale hata usiku mmoja katika nyumba hiyo. Anaipaka rangi, anaipangisha, anaendelea na shughuli zake. Sheria inamlinda pia: ukija kulalamika baadaye kwamba taratibu zilikiukwa, utadai fidia kwa mkopeshaji, lakini nyumba imekwenda. Kama laana ingezuia minada, magazeti yasingechapisha matangazo ya madalali kurasa kwa kurasa.

Kundi la pili la wapotoshaji huvaa suti. Hawa ndio wanaomwambia mwenye deni, leta ada, tutakwenda kortini tusimamishe mnada. Ni kweli mahakama inaweza kusimamisha mnada benki ikiruka ilani, au ikiwa nyumba ya familia iliwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume. Kama hilo ndilo lililokupata, nenda mbio. Lakini wengi wanaokimbilia kortini hawana hoja hata moja isipokuwa uchungu. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973, anayeomba zuio lazima aonyeshe kesi yenye mashiko na hasara ambayo fidia ya pesa haiwezi kuifidia. Na majaji wamerudia mara nyingi kwamba mali ikishawekwa dhamana imekuwa bidhaa yenye bei. Machozi kuhusu boma la watoto hayabadilishi hilo.

Tena hata ukifaulu kupata zuio la miezi kadhaa, riba hailali. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaizuia isipite mtaji uliokuwa unadaiwa siku mkopo ulipoacha kulipwa. Maana yake ni kwamba deni lako bado linaweza kuwa maradufu kabla ya riba kusimama. Wakili amelipwa, na wewe umenunua muda wa kudaiwa zaidi. Hasira yangu kwa mawakili wa namna hii ni kubwa kuliko hasira yangu kwa mhubiri, kwa sababu wao wameisoma sheria na wanajua mwisho wa safari.

Basi mtu afanye nini? Aende benki kabla benki haijamjia. Kama kipato kimepungua tu, aombe muda wa mkopo urefushwe, au ahamie nyumba ya kupanga ya bei nafuu, naye apangishe yake na kodi yote iende benki. Kama kipato kimekatika, aombe kwa maandishi ruhusa ya kuuza mwenyewe. Benki ina sababu ya kumsikiliza, maana mnada nao unaigharimu muda na kesi. Utaratibu unajulikana: mnunuzi anapatikana, mkataba unatiwa saini, benki ya mnunuzi au wakili wake anaahidi kwa maandishi kulipa deni, hati inaachiliwa, rehani inafutwa kwenye sajili, umiliki unahamishwa.

Na ikiwa bei ya soko imeshuka chini ya deni lenyewe, bado ni heri uuze. Ila usitie saini popote kabla benki haijaandika itakachofanya na salio: italisamehe, italipunguza, au italigawa kwa awamu unazozimudu. Wengi hudhani mnada hufuta kila kitu. Haufuti. Nyumba ikiuzwa na deni lisiishe, unakuwa huna nyumba, ungali unadaiwa, na jina lako liko CRB, kwenye kumbukumbu za wakopaji. Anayeuza kwa makubaliano anapata nafasi ya kujadili salio hilo wakati benki bado inamhitaji. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Serikali nayo isikae pembeni ikitazama. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 13 Februari 2024, na riba ya mikopo ya benki ikapanda nayo. Watu waliokuwa wakilipa kila mwezi bila kuchelewa walijikuta na awamu wasizoziweza. Hao si wazembe, na wanaowaita wazembe wanapaswa kuona haya. Tangu 2023 mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ili zijengwe nyumba mpya. Vizuri. Lakini mtu anayepoteza nyumba ambayo tayari anayo, nani anamkalisha chini amsomee ilani yake? Mkulima wa Githunguri analetewa makaratasi ya Kiingereza cha mawakili, na muda unaanza kuhesabiwa kabla hajampata mtu wa kumfafanulia. Kila kaunti ndogo ingekuwa na afisa mmoja wa kazi hiyo, nyumba nyingi zingeuzwa kwa bei ya haki.

Lakini adui mkubwa kuliko wote yumo nyumbani, naye ni siri. Wanaume wa kaunti hii wanaficha ilani za benki kuliko wanavyoficha ugonjwa. Sheria inataka mke aridhie nyumba ya familia kuwekwa rehani. Anapewa fomu akiwa na shughuli zake, anaambiwa ni mambo ya kawaida, anatia saini bila kusoma. Habari za mnada anazisikia kwa jirani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha deni humuumbua mkewe na watoto pamoja naye.

Kwa hiyo wewe uliye na ilani kabatini, itoe leo. Mketishe mwenzako, wekeni makaratasi mezani, muandike namba tatu: nyumba inaweza kuuzwa bei gani, deni ni kiasi gani, na kila mwezi linaongezeka kwa kiasi gani. Namba ya kwanza ikiwa bado inaizidi ya pili, tofauti hiyo ni mali yenu, na kila mwezi mnaosubiri mnamgawia mtu mwingine. Tafuteni mnunuzi. Watu watasema, na waseme. Watachoka baada ya wiki mbili, na nyinyi mtakuwa na akiba ya kuanzia maisha.