Msonge ukikodishwa, mkandikaji asisahaulike

Yamezuka katika miaka ya hivi karibuni mazoea ambayo wazee wetu wa Kisii na Nyamira hawangeyaota hata ndotoni: mtu wa mjini kutoa fedha mfukoni ili alale katika nyumba ya udongo. Wale wale walioutoroka moshi wa nyumba za nyanya zao, wakaapa kwamba hawatalala tena chini ya paa la nyasi, sasa wanawaleta watoto wao wakati wa likizo ya Agosti na ya Desemba wapate kuona jinsi ugali unavyosongwa juu ya mafiga. Wageni kutoka ng'ambo nao wamo. Wako wanaolicheka jambo hili na kusema kwamba umaskini umegeuzwa kuwa tamasha. Mimi silicheki. Naliunga mkono, ila nina manung'uniko, na ningependa msomaji anisikilize hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Desemba iliyopita nilikaa siku nne katika nyumba ya namna hiyo chini ya mteremko wa Manga, upande wa Nyamira. Ni msonge halisi: kuta za mviringo za fito zilizokandikwa udongo mwekundu, paa la nyasi lililochongoka, sakafu iliyopakwa samadi ya ng'ombe hadi ikawa laini kama ngozi. Wenyewe wasema kwamba baba wa nyumba aliisimamisha kabla ya uhuru wa mwaka 1963. Nchi yetu ni ya juu na usiku wake una baridi kali, lakini niliamka kila asubuhi bila kuhisi haja ya blanketi la pili. Ukuta mnene wa udongo hulinyonya joto la mchana na la moto wa jioni, kisha ukalitoa polepole usiku kucha. Nyumba ya mabati niliyozoea kulala kwetu huoka saa nane mchana na kuganda saa nane usiku, na mvua inyeshapo hamwezi kusikizana mle ndani. Katika msonge, mvua ya Gusii, ambayo si haba, ilisikika kwa mbali kama maongezi ya watu wa chumba cha pili.

Huenda mtu akauliza: nyumba ya miaka sitini na kitu yawezaje kuitwa ya kale, ilhali Lamu kuna majumba ya mawe ya karne nyingi? Jibu limo katika historia yetu chungu. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, Northcote, majeshi ya wakoloni yalipita katika nchi ya Gusii yakiteketeza nyumba na kuswaga mifugo. Kisha wakaja wamisionari, Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventisti wa Nyanchwa, na msomi wa misheni akatambulikana kwa nyumba yake ya pembe nne. Baadaye yakaja mabati. Mwishoe ardhi yenyewe ikapungua. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Pale palipokuwa pakiota nyasi za kuezekea, leo pana majani chai, migomba na nyasi za ng'ombe. Mwenye msonge sharti anunue nyasi kutoka mbali, na bei yake yaweza kumshawishi kununua mabati mara moja akapumzika.

Kwa hiyo ile iliyobaki ni michache, na kila mmoja una thamani. Lakini thamani hiyo si kama ya kinyago cha mawe ya Tabaka, ambacho waweza kukiweka kabatini na kukirudia baada ya miaka kumi. Nyumba ya udongo huishi kwa kuishiwa ndani. Moshi wa mafiga hupanda hadi kwenye nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Moto ukizimwa kwa msimu mmoja paa huanza kuoza. Ukuta nao huhitaji kukandikwa upya mvua zinapoubabua. Watu wa Djenné, nchini Mali, wana msikiti wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907, na hadi leo unasimama kwa sababu mji mzima hutoka kuukandika. Hawaulizani kama udongo ni ule ule wa zamani. Kinachodumu ni mikono ijuayo kazi.

Mikono hiyo, kwetu, ni ya akina mama, na aghalabu ni akina mama wazee. Hapo ndipo yalipo manung'uniko yangu.

Nilipokaa Manga nililipa shilingi elfu tatu na mia tano kwa kila usiku, nazo sikumpa mwenye nyumba. Nilimpa wakala mmoja wa Nairobi, ambaye ndiye aliyetangaza nyumba na kupokea fedha. Asubuhi ya tatu, mvua ilipokuwa imemomonyoa sehemu ya chini ya ukuta, nilimkuta mama mmoja mzee amepiga magoti nje, akifinyanga udongo na samadi kwa viganja. "Bwakire buya, magokoro," nikamwamkia kwa lugha ya kwetu. Akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akaniambia, "Mwanangu, pita mbali kidogo, usikanyage kabla haijakauka." Baadaye nilipouliza juu ya ujira wake, niliambiwa kwamba hupewa shilingi mia tatu kila anapoitwa, na sukari. Hakuna msichana aliyekuwa akijifunza kando yake. Nani angejifunza kazi ya shilingi mia tatu, ilhali kuchuma majani chai humpa ujira wa kila siku ajiandikishapo?

Ikiwa biashara hii itaendelea hivyo, basi tunakodisha kitu huku tukikiua. Siku mama yule atakapoitwa na Mungu, nyumba itapigwa saruji kwa nje ili isisumbue, nayo saruji huufungia unyevu ndani ya udongo hadi ukuta ukabambuka vipande vipande. Mgeni atakuja, atapiga picha, naye hatajua kwamba amelala ndani ya maiti ya nyumba.

Lipo na jambo la heshima. Mgusii hakujenga nyumba bila sheria ya nani aingie na nani asiingie. Miiko ya chinsoni yamkataza baba kuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Na chumba cha mama, chenye mafiga yake, si mahali pa kila mpita njia. Leo naona mama mjane akihamishwa jikoni mwa nyumba ya mabati ili kitanda chake apewe mtalii. Hili halihitajiki hata kidogo. Mila yenyewe ilikwisha kutupa nyumba ya kuwalaza wasio wa chumba cha mama: saiga, nyumba ya vijana wa kiume, iliyosimama peke yake uani. Vijana wa siku hizi wanalala katika vyumba vya mabati au wako mijini. Anayetaka kukodisha, na asimamishe saiga ya udongo kwa ajili ya mgeni, amwache mama na moto wake. Kwa kufanya hivyo nyumba moja zaidi itajengwa, na fundi mmoja zaidi atapata kazi. Niliwaeleza wenyeji wangu wazo hili. Mzee wa boma alilikubali upesi, mwanawe aliye Nairobi akasema atalifikiria.

Sisemi kwamba nyumba hizi hazina dhambi. Moshi huumiza macho na mapafu ya apikaye, na sakafu ya vumbi isiyotunzwa hualika funza. Dirisha la ziada na sakafu inayopakwa mara kwa mara ni tiba isiyohitaji kubomoa chochote. Wenzetu wa Rwanda waliamua vingine: katika kampeni yao ya kumaliza nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, iliyofikia kilele mwaka 2011, serikali ilizifagia nchi nzima. Naelewa nia yao, kwani hakuna anayepaswa kulazimishwa kulala chini ya paa linalovuja kwa ajili ya kumfurahisha mwanahistoria. Lakini kati ya kulazimisha na kufagia ipo njia.

Sisi Wakenya tumezoea njia ya tatu, nayo ni ya maonyesho. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 pale Lang'ata, ilijengewa mfano wa boma la Kigusii pamoja na ya jamii nyingine. Wanafunzi wengi walilijua boma lao kwa safari ya basi hadi Nairobi. Lilikuwa jambo jema, ila hakuna mama aliyelala mle wala mtoto aliyezaliwa mle. Na Lamu, ambako mji wa kale ulitiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, yapo majumba mengi ambayo wajukuu wa wajenzi waliyauza kwa wageni wenye fedha. Majumba yamepona na yanapendeza. Wajukuu ndio wanaofungua lango. Sitaki kuyaona hayo Manga, Nyaribari wala Bobasi.

Katiba ya mwaka 2010 iliipa kila kaunti mamlaka juu ya utalii wa mahali pake. Mabunge ya Kisii na Nyamira hayana haja ya kusubiri Nairobi. Leseni ya kulaza wageni katika nyumba ya udongo itolewe kwa mwenye boma, si kwa wakala, iwe nafuu, mkaguzi wa afya atazame choo, maji na dirisha, asidai saruji. Na katika kila leseni liandikwe jina la mkandikaji na fungu lake la kodi ya kila usiku, pamoja na jina la kijana anayemfundisha. Fungu hilo likiwa moja kwa kumi tu, mama niliyemkuta Manga angepata kwa usiku mmoja zaidi ya anachopewa sasa kwa kuukandika ukuta.

Madiwani wakiona vyema, wautunge mswada huo kabla ya mwaka kwisha. Januari na Februari ndiyo miezi ya ukavu kidogo kwetu, udongo hukauka vizuri. Kuanzia Machi mvua ni nzito, na ukuta ambao haujakandikwa wakati huo huenda usiufikie Juni.