Panda: Mtoto akiungua, watu wanauliza mama alikuwa wapi. Maji yalikuwa wapi?

Panda, Likasi. Mtoto akiungua kwa maji ya moto katika kartie za komini ya Panda, ulizo la kwanza la majirani ni moja: mama yake alikuwa wapi? Linaulizwa hata kabla ya mtoto kuvuliwa nguo zilizolowa, kabla ya kupata pikipiki ya kumpeleka kituo cha afya. Mama analia, na juu ya machozi yake anabebeshwa jina la mzembe. Jina hilo litakaa naye kwa miaka, pamoja na kovu la mtoto. Lakini ulizo lingine halitoki mdomoni mwa mtu: maji yalikuwa wapi?

Maji yalikuwa chini. Karibu kila mara yalikuwa chini. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula, na mbabula ilikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, kwa sababu chumba ni kimoja. Au maji yalikwisha kumiminwa ndani ya ndoo, ndoo ikakaa hapo ikingoja maji baridi yaletwe. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anatembea kwa kushikilia kila kitu kilicho mbele yake. Akishika ukingo wa ndoo, ndoo inamwangukia. Akirudi kinyumenyume akicheza na dada yake, anakaa ndani ya beseni. Hakuna mama anayeweza kumtazama mtoto huyo bila kupepesa jicho huku anasonga bukari, ananyonyesha mdogo wake na kumjibu mtu aliyekuja kununua makala mlangoni.

Na hata angemtazama, asingemwahi. Wengi wanafikiri ni maji yanayochemka tu ndiyo yanayoharibu. Maji ya digrii 60, ambayo hayachemki hata kidogo, yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa kina ndani ya sekunde tano hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, inaungua mapema kuliko hapo. Yakifika digrii 70, sekunde moja inatosha. Kikombe cha chai kinaweza kumuunguza mtoto robo saa nzima baada ya chai kumiminwa. Kwa hiyo anayesema «mama angekuwa macho tu» anadai mama awe na mbio ambazo hakuna binadamu anazo.

Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba kuungua kunaua watu 180,000 hivi kila mwaka, na karibu theluthi mbili yao wako Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki. Mwafrika hana ngozi dhaifu kuliko Mzungu. Ni moto wake uliowekwa chini, na mtoto wake anacheza hapo hapo chini.

Hapa Likasi mwezi wa sita na wa saba ndio miezi mibaya. Baridi inashuka, asubuhi watoto wa masomo hawawezi kuogea maji ya bombani, na kila lupango linachemsha maji saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi gizani, kwa sababu umeme umekatika. (Barrage ya Mwadingusha ilitengenezwa upya, tangu 2021 ina uwezo wa megawati 78, na migodi inajua vizuri umeme unaenda wapi. Lakini hayo ni mashtaka mengine.) Jamaa nyingine inaingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili chumba kipate joto. Hapo kuna hatari mbili, maana moshi wa makala usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.

Jamaa zilizokimbia vita zina shida zaidi, na ndizo zinazosemwa vibaya zaidi. Mtu aliyetoka upande wa Mitwaba, Pweto au Manono alizoea kupika nje, juu ya mafiga matatu, uwanja mkubwa, watoto mbali na moto. Sufuria juu ya mafiga matatu haitikisiki ovyo. Hapa mjini anapewa chumba kimoja na mbabula nyepesi ya bati yenye miguu myembamba, ambayo hata kuku anaweza kuisukuma. Watu sita wanalala, wanapika na kuoga pahali pamoja. Mtoto akiungua, majirani wanasema: «Hawa watu wa kijiji hawajui kulea.» Wanajua kulea. Walichokosa ni nafasi ya kuweka moto mbali na mtoto.

Wazee nao wana jibu lao: sisi wote tulikua namna hii na tuko wazima. Si wote. Katika kila kambi kuna mtu mzima ambaye mkono wake haunyooki, au vidole viliungana, au anavaa mikono mirefu hata wakati wa joto, na hakuna anayemuuliza. Tena wazee wanasahau kwamba nyumba za kambi za Union Minière zilijengewa jamaa moja moja. Tangu kazi za Gécamines zilipoanguka, na hasa baada ya 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, nyumba nyingi zimepangishwa chumba kwa chumba. Leo pahali palipokuwa jiko panalala watu.

Na yale maji ya moto ya asubuhi, ni ya nani? Mara nyingi ndoo ya kwanza ni ya baba. Anayeibeba ni binti wa miaka nane au tisa, anavuka chumba gizani kati ya wadogo zake waliolala chini. Baba huyo ndiye atakayeuliza jioni mama alikuwa wapi. Basi abebe maji yake mwenyewe. Ana mikono yenye nguvu na anaona anapokanyaga.

Cha kufanya hakingoji mradi wa kutoka Kinshasa. Matofali yaliyovunjika yako kila kona ya Panda, udongo uko chini ya miguu. Meza ya matofali inayofika kiunoni mwa mtu mzima, kwenye kona, inaondoa mbabula na sufuria mbali na mkono wa mtoto. Watu wanaokusanyika kwa salongo kufyeka nyasi wanaweza kujenga meza kama hizo, wakianza na mapango yenye jamaa zilizokimbia vita. Na Panda ni komini ya mafundi: hapa ndipo zilipo ateliers centraux zilizotengeneza vyuma vya Gécamines yote. Fundi aliyejifunza kazi kwa watu kama hao anashindwaje kuipa mbabula kitako kipana?

Ndani ya beseni, maji baridi yatangulie, ya moto yafuate, kisha kiwiko cha mama au cha baba kipime kabla ya mguu wa mtoto kuingia. Ndoo ya maji ya moto iwe na kifuniko. Anayebeba chai au sufuria asiwe na mtoto mgongoni wala mkononi.

Kuna kelele nyingine ya kunyamazisha: ya wale wanaokuja mbio na dawa ya meno, yai, mafuta ya kupikia au majivu. Vitu hivyo vinazuia joto lisitoke, vinaingiza uchafu ndani ya kidonda, na muganga atalazimika kuviondoa huku mtoto anapiga kelele. Kinachotakiwa ni maji safi ya baridi, si barafu, yakipita juu ya pahali palipoungua kwa dakika 20, huku mwili uliobaki umefunikwa ili mtoto asishikwe na baridi. Nguo zitolewe, isipokuwa ile iliyoganda kwenye ngozi. Kisha kitambaa safi na njia ya kituo cha afya, hasa kama ni uso, mikono au sehemu za siri. Anayesema kwanza tumtafute aliyemloga mtoto, anapoteza dakika hizo 20.

Wanabaki wenye mapango. Wengi wanakataa mpangaji asijenge kitu chochote uani, hata kibanda cha bati cha kupikia, eti uwanja utaharibika. Kodi ya kila mwezi wanaichukua, na ya miezi ya mbele wanaidai. Basi mashefu wa kartie wakipita kuandika wapangaji wapya, wamuulize pia mwenye lupango aonyeshe kwa kidole pahali ambapo mama mwenye watoto wanne ataweka mbabula yake mvua ikinyesha.