Kiatu cha shule kipimwe kwa mguu

Kila Januari, shule zinapofunguliwa Tanzania, wazazi wengi humnunulia mtoto kiatu kinachompwaya ili akivae miaka miwili. Hoja yao ina uzito: mtoto hukua haraka na fedha ni chache. Lakini kiatu kinachopwaya humkwaza, humchubua kisigino, na soli yake huisha upesi kwa kuburuzwa, hivyo akiba iliyotarajiwa haipatikani. Kinachobana nacho ni hatari, kwa kuwa mifupa ya mguu wa mtoto haijakomaa na vidole vinaweza kupinda. Njia ya kati ni kupima miguu yote miwili jioni, inapokuwa imevimba kidogo, na kuacha mbele nafasi ya upana wa kidole gumba. Asiyemudu kipya achague cha mtumba kilicho imara, mradi soli haijalika upande mmoja. Kumwacha mtoto atembee pekupeku si nafuu, maana minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya nyayo. Shule nazo zidai rangi tu, zisilazimishe aina wala duka. Mzazi, nenda sokoni na mtoto mwenyewe; usinunue kwa kukisia.