Mafuta ya Karafuu Yasipakwe Matupu

Ndugu Wanachama,

Nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo tukilinyamazia litatutia aibu. Mafuta ya karafuu na ya makonyo yauzwa katika vichupa vidogo, na wako wauzaji wasemao kuwa ukijipaka matupu huondoa ukavu wa ngozi na makunyanzi ya uzee. Mimi mwenyewe msimu uliopita niliyasadiki hayo, nikajipaka mikono iliyopasuka kwa kuchambua. Iliniwaka usiku kucha, na siku ya tatu ngozi ikabambuka.

Sababu yake yajulikana. Katika kila sehemu 100 za mafuta ya karafuu, zipatazo 70 hadi 90 ni kitu kiitwacho eujenoli. Ndicho kitiacho harufu, na ndicho kinachotia jino ganzi. Lakini kikiwa kingi juu ya ngozi huchoma, na wako watu kinaowadhuru hata kikiwa kidogo.

Ngozi kavu yataka kuzuiliwa maji yake yasipotee. Kazi hiyo huifanya vyema mafuta ya nazi, ambayo hayakosekani majumbani mwetu: jipake mara utokapo kuoga, ngozi ingali na umajimaji. Apendaye harufu ya karafuu na atie tone moja tu katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, ajaribu kwanza kidogo mkononi, angoje siku nzima. Watoto wasipakwe. Ama makunyanzi, huletwa na umri, na zaidi na jua. Kofia na kivuli hufaa kuliko kichupa hicho.

Najua wako watakaosema, "Katibu, watuharibia soko." Sivyo. Karafuu ina sifa zake za kweli katika chakula, manukato, sabuni na dawa ya meno. Haihitaji kuongezewa za uwongo. Mnunuzi aliyeungua uso harudi tena, na atakachokilaumu ni karafuu yetu.

Basi naomba katika mkutano ujao tukubaliane kuwa kila kichupa kitokacho kwa mwanachama kiandikwe maneno haya: "Yasipakwe matupu." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wenu katika kazi,
Katibu