TUKICHAGUA WA KWENDA NG'AMBO, TUSIWAACHE WALEMAVU



Vyama vya wafanya kazi hupata barua za mwaliko kutoka nchi za nje. Barua hizo zaita watu kwenda kujifunza uongozi, kuona jinsi wenzetu wanavyopatana na waajiri wao, kisha warudi kutueleza. Kamati huketi, majina hutajwa, mikono huinuliwa. Lakini katika majina hayo ni nadra kusikia jina la kipofu, au la kiziwi, au la mtu aendaye kwa magongo. Si kwamba hawamo chamani. Wamo, nao hukatwa ada kila mwezi kama sisi. Neno langu ni hili: hao nao watumwe, na watumwe kama viongozi, si kama wagonjwa wanaopelekwa kutazamwa.

Sisi wa reli tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wengine. Kazi yetu ni ya vyuma vizito. Mtu huamka ana miguu miwili, na jioni ana mmoja, kwa sababu mabehewa yalisogea kabla hajatoka katikati. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yasema kwamba aliyeumia kazini asiweze kufanya kazi tena kabisa alipwe mishahara ya miezi 96. Fedha hizo ni haki yake, lakini fedha huisha. Na yule aliyepoteza mguu tu, je, ujuzi wake wa miaka 15 ulikatwa pamoja na mguu? Haukukatwa. Hata hivyo twamwona akiondoka langoni na bahasha mkononi, na sisi twarudi kazini kana kwamba amekufa.

Wengine watasema, "Safari za ng'ambo ni gharama. Fedha hiyo heri tumnunulie mlemavu kiti cha magurudumu." Kiti ni kitu chema, wala sikatai. Lakini kiti kimoja humbeba mtu mmoja, tena mpaka mlangoni tu, kwenye ngazi. Kiongozi anayejua sheria na kujua kusema mbele ya wakubwa huweza kuwafanya waziondoe ngazi zenyewe, na watu wengi wakapita. Sisi wafanya kazi twalijua hilo zamani. Tom Mboya alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955 mpaka 1956, hali ni katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi wa Kenya. Mwaka 1958 chuo cha wafanya kazi wa Afrika kikafunguliwa Kampala. Hakuna aliyesema kwamba heri fedha zile zingenunua unga. Tulijua kwamba mtu akitoka akaona, hurudi na macho mengine.

Tena tuangalie nani asafiri kwa ajili ya nani. Mwaka 1980 palikuwa na mkutano mkubwa wa dunia mjini Winnipeg, Kanada, juu ya kuwasaidia walemavu. Walionena zaidi walikuwa madaktari na wataalamu wenye viungo vyote. Walemavu waliokuwapo walitaka nusu ya nafasi za uwakilishi ziwe zao wenyewe. Wakakataliwa. Basi wakakutana peke yao, wakaazimia kuunda chama chao cha dunia nzima, na mwaka 1981 wakafanya mkutano wao wa kwanza Singapore. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi nasi tulikataa zamani kusemewa na mwajiri. Iweje leo tuwasemee wenzetu?

Nataka mjue pia kwamba vyama vya wafanya kazi vimewahi kusimama pamoja na walemavu, na ushindi ukapatikana. Huko Marekani sheria ya mwaka 1973 ilikataza kumbagua mlemavu katika mambo yanayolipiwa na fedha ya serikali. Lakini kanuni za kuitekeleza zilikaa mezani miaka bila kutiwa sahihi. Tarehe 5 Aprili 1977 walemavu zaidi ya 100 waliingia katika jengo la serikali San Francisco, wakakataa kutoka. Kati ya viongozi wao alikuwako Judith Heumann, mwalimu aliyepooza kwa polio tangu utotoni, ambaye hapo nyuma alinyimwa ruhusa ya kufundisha New York, akashtaki, akashinda. Walilala sakafuni zaidi ya majuma matatu. Walipotuma wajumbe Washington, chama cha mafundi wa mitambo kiliwasaidia, na kule mjini wajumbe wakabebwa katika lori pamoja na viti vyao. Tarehe 28 Aprili kanuni zikatiwa sahihi. Mafundi wale hawakuwa walemavu. Walijua tu mgomo ni nini.

Mama huyo hakubaki kwao na ushindi wake. Alizunguka nchi nyingi akikutana na walemavu wenzake mpaka alipofariki mwaka 2023. Na katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, lipo shirika lililoanzishwa mwaka 1981 kwa kazi hii ya kuwatembeza walemavu kutoka nchi hata nchi. Tangu mwaka 1997 limeita wanawake walemavu wa mabara mbalimbali wakajifunze uongozi. Hukaa katika nyumba za wenyeji, husoma sheria, hujifunza kusema mkutanoni, kisha hurudi makwao. Mwanamke aliyezoea kufichwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja huketi meza moja na mwenzake wa mbali aliyeshinda jambo lile lile. Faida ya kwanza ya safari ndiyo hiyo, kujua kwamba linawezekana.

Wala tusidhani kwamba sisi ni wa kupokea tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini na mgeni naye hupona. Yupo fundi mmoja Mmarekani, Ralf Hotchkiss, aliyepooza miguu kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966. Mwaka 1980 alifika Nicaragua akakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja cha magurudumu kwa zamu, nao wamekitengeneza upya kwa akili zao. Akajifunza kwao, na tangu hapo akafanya kazi na mafundi wa nchi nyingi kuunda viti vinavyostahimili njia mbaya. Gurudumu moja la mbele, pana, la mpira, linalopita mchangani bila kuzama, huitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa sababu lilitoka kwa mafundi wa huko. Ninyi wa karakana mwaonaje? Mtu wa kwetu anayejua kuchomelea, tena yeye mwenyewe akalia kiti hicho, hana la kumfundisha Mzungu?

Wala si lazima safari iwe ya ndege. Jirani zetu wa Uganda walitenga viti vitano vya Bunge kwa wajumbe walemavu tangu mwaka 1996, na sheria yao ya mwaka 1997 ikaweka wajumbe walemavu, mmoja akiwa mwanamke, katika mabaraza ya mitaa. Mwenzetu akienda huko juma moja tu, ataweza kuwauliza wajumbe hao jinsi walivyopata viti, na jinsi wanavyochaguana.

Hapa kwetu sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma zifikie angalau asilimia 5 kwa walemavu, hatua kwa hatua. Kifungu cha 97 chataja wabunge 12 wa kuteuliwa, na hapo walemavu na wafanya kazi wametajwa katika mstari mmoja. Kenya pia imekubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, tangu mwaka 2008. Kifungu cha 27 cha mkataba huo chasema mlemavu awe na haki katika chama cha wafanya kazi sawasawa na wengine, na cha 32 chataka mataifa yasaidiane kwa kubadilishana ujuzi na mafunzo. Lakini sheria ni kama reli bila gari. Imelazwa vizuri, inang'aa, na hakuna anayesafiri.

Kwa hivi naomba matawi yote yazungumze mambo haya manne:

1. Kila mara chama kitakapopeleka watu watatu au zaidi katika masomo au mikutano, ndani ya nchi au nje, mmoja awe mwanachama mlemavu, naye achaguliwe na walemavu wenzake.

2. Nauli ya msaidizi wake, au ya mkalimani wa lugha ya ishara kama ni kiziwi, ihesabiwe katika gharama za safari tangu mwanzo. Asiambiwe ajitafutie.

3. Akirudi, aeleze tawini aliyoyaona, kama kila mjumbe atakiwavyo. Wako wajumbe wenye miguu yao miwili waliorudi na suti na picha tu. Sharti hili liwe la wote.

4. Apewe kiti katika kamati. Kumtuma mtu kujifunza uongozi, kisha kumrudisha nyuma ya chumba asikilize, ni kutupa fedha za wanachama.

Najua hesabu ya chama si kubwa. Lakini sikuomba tuongeze safari, naomba tugawane zilizopo. Na anayeona hili halimhusu, akumbuke kwamba kesho asubuhi naye atapita kati ya mabehewa.

Mwenzenu wa karakana.