Huyo Hahepi, Anaumwa!

Hapa Wajir maji yetu mengi ni ya visima vifupi, na kuumwa na tumbo tumeshakuzoea. Mtu akijikunja kitandani usiku, bweni zima linacheka: "Ati tumbo! Huyo anahepa mtihani." Kiranja naye anaamuru apewe chai ya moto alale. Mimi jambo hili nalipinga kabisa.

Yapo maumivu yasiyongoja asubuhi. Kidoletumbo kikivimba, mara nyingi uchungu huanzia kitovuni, halafu baada ya saa kadhaa huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa hataki chakula, hutapika, hata kukohoa kunamuuma. Tumbo likikakamaa kama ubao, jamani, huyo ni wa hospitali usiku huo huo! Asile, wala asipewe haluli. Na ile desturi yetu ya kuchoma tumbo kwa chuma cha moto, wazee watanisamehe, huacha kovu juu ya ngozi na usaha ukabaki ndani.

Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni 1902. Siku mbili kabla, wageni wakiwa wameshafika, alipasuliwa jipu la kidoletumbo, na taji likangoja hadi Agosti 9. Sembuse mtihani wa hesabu?

Walimu wetu, mwanafunzi akilia tumbo usiku, gari litafutwe kwanza, maswali baadaye. Aliye Habaswein au Buna bado ana safari ndefu hadi Wajir mjini.