Maji ya Chumvi Dhidi ya Mafua: Ushahidi Waongezeka, Tahadhari Yabaki

Kusukutua koo na kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni njia inayofahamika katika kaya nyingi nchini. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonesha kuwa njia hiyo inaweza kupunguza siku za kuugua mafua na kikohozi. Hata hivyo, kwa wananchi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ikiwemo Kata ya Chiwanda mkoani Ruvuma, jambo la kuangaliwa kwanza ni usalama wa maji yenyewe.

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika nchini Uingereza na kuhusisha watu 13,799. Waliopewa maji ya chumvi ya kupulizia puani waliugua kwa wastani wa siku 6.4 katika miezi sita, ikilinganishwa na siku 8.2 kwa waliopata huduma ya kawaida. Aidha, matumizi yao ya antibayotiki yalipungua kwa takriban asilimia 30.

Punguzo hilo la dawa lina uzito wa pekee. Mafua mengi husababishwa na virusi, ambavyo haviuawi na antibayotiki, na kuzitumia pasipo sababu huchochea usugu wa vimelea. Tanzania inatekeleza Mpango Kazi wa Kitaifa wa 2023–2028 wa kukabiliana na usugu huo.

Kuhusu kusukutua, utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha watu 387 wenye afya njema. Waliosukutua kwa maji ya kawaida walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 36, ilhali dawa yenye iodini haikuonesha nafuu ya maana. Matokeo hayo yanadokeza kuwa huenda kitendo chenyewe cha kusukutua kinachangia.

Ushahidi huo una mipaka yake. Washiriki wa Uingereza walitumia chupa maalumu za kiwandani, si maji yaliyochotwa ziwani. Vilevile, mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba kusafisha pua kwa maji ya chumvi huzuia UVIKO-19. Kwa hiyo njia hii ni msaada wa kupunguza makali ya ugonjwa. Haichukui nafasi ya chanjo wala matibabu.

Maji yasiyochemshwa hayapaswi kuingizwa puani. Mwaka 2011, watu wawili walifariki katika jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na ameba aina ya Naegleria fowleri. Ugonjwa huo ni nadra sana, lakini ameba hiyo huishi katika maziwa, mito na visima vyenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi.

Maji yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika moja, kisha yapoe katika chombo safi chenye kifuniko. Nusu kijiko cha chai cha chumvi hutosha kwa kikombe cha robo lita. Baada ya kusukutua, maji yatemwe. Kifaa cha kusafishia pua kioshwe kila mara na kisitumiwe na zaidi ya mtu mmoja.

Hatari kubwa zaidi ni mzazi kuendelea na chumvi nyumbani wakati mtoto ana nimonia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au kunywa, au aliyepata degedege. Kwa mtoto wa namna hiyo, kila saa inayopotea nyumbani inaweza kugharimu maisha.